Tusipokupigia, Uko Salama

Wifi yangu alikuwa na mdomo. Namsema hivyo kwa mapenzi. Alikuwa msusi, na ukikaa kwenye kiti chake ulitoka na nywele zilizosukwa na habari za mtaa mzima. Mimi ni mke wa kaka yake, fundi cherehani, na tangu nilipoolewa hatukuwahi kumaliza siku bila kurushiana maneno. Kwa hiyo nilipomwambia twende kliniki tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi, nilijua nimejitakia.

"Nikavue nguo mbele ya katoto ka juzi? Wifi, umekosa kazi? Kaa ushone."

"Unaogopa nini? Huna jipya la kuonyesha."

"Afadhali mimi. Wewe ukivua watafunga kliniki."

Lakini alikuja. Muuguzi alikuwa msichana mpole. Alichukua sampuli zetu kwa kibrashi, akazitia kila moja kwenye kichupa chake, akabandika majina. Kisha akatuambia alichomwambia kila mwanamke aliyepanda kile kitanda: "Majibu yakiwa na tatizo tutakupigia simu. Tusipokupigia, uko salama."

Ndivyo walivyofanya kazi pale. Wauguzi wachache, wanawake tele, nani ana muda wa kumpigia mtu mzima simu kumwambia kuwa ni mzima? Nasi tulishazoea. Simu isipolia, mwanamke alishukuru akaendelea na mambo yake.

Haukupita muda korona ikaingia. Saluni zikafungwa. Mimi kazi ikanizidi, maana kila mtu alitaka barakoa, na wifi akahamia kwenye veranda yangu kukata nyuzi na kunikosoa. Simu yake aliiweka mapajani. Ilikaa kimya, na kimya kile kilimpa kiburi.

"Umeona? Kizazi changu bado kiko kwenye nailoni, kama kimetoka dukani."

Nilicheka. Mwenyewe nilikuwa nimeshasahau kama nilipimwa.

Asubuhi moja, tukikunja barakoa, akaniegemea huku akitabasamu. "Wifi, mwenzio nimerudi usichana. Damu imeanza tena."

Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mingi. Sikucheka. Nilimwambia avae viatu twende kliniki.

"Kufanya nini? Si nilipimwa? Kungekuwa na kitu wangepiga. Wivu tu, hutaki nikushinde ujana."

Ni kweli pia kwamba kwenda kliniki siku zile kulikuwa kazi. Getini kulikuwa na mlinzi na kipimajoto chake, na kama huna homa wala uchungu wa kuzaa alikurudisha nyumbani ukajikinge. Watu waliogopa hospitali kuliko makaburi. Lakini mlinzi ningempita, nawajua walinzi. Ambaye sikuweza kumpita ni wifi. Damu ilikwenda ikarudi. Kiuno kikaanza kumuuma. Ikaja harufu, akawa anajimwagia manukato mpaka wateja wangu wanapiga chafya wanashtuka wenyewe. Nilimfokea, nilimbembeleza, nilimtishia kumwambia kaka yake. Kila mara aliinua simu yake akanionyesha.

"Imelia? Haijalia. Basi niache."

Siku alipoanguka bafuni, mume wangu alimbeba bila kumuuliza. Kliniki ilikuwa imeanza kupokea watu tena. Muuguzi wetu alimpima, akatoka nje akiwa ameinamisha kichwa, akatuelekeza dirisha la maabara tukaulize majibu ya zamani. Alikuwepo kijana wa maabara, macho mekundu kwa uchovu. Nilimtajia majina yetu na mwezi tuliopimwa.

"Aa, za kipindi kile hazikupimwa, mama."

"Hazikupimwa vipi?"

Akanieleza polepole, na sasa najua alikuwa ameshawaeleza wengi. Mashine inayopima kirusi cha saratani ndiyo hiyo hiyo inayopima korona. Amri ilikuja kwamba ipime korona tu. Vichupa vyetu vikawekwa kwenye friji. Friji nalo likahitajika kwa sampuli za korona, vikahamia stoo. Stoo ina joto. Vilipoharibika vikatupwa.

"Na hamkutuambia?"

"Tunapiga kwa wenye majibu mabaya, mama. Hapa hakukuwa na majibu. Tungepiga tuseme nini?"

Nilitaka kumkaba. Nilishika nondo za lile dirisha nikamtukana, nikamtukania na mashine yake, na yeye akasimama tu akinisikiliza. Alisema pole. Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya, na hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu ubaya ule ulitakiwa uwe na mtu wa kushikwa shati.

Hospitali kubwa walikataa kumlaza mpaka apimwe korona kwanza. Wakamtia kijiti puani asubuhi, na kabla ya jioni majibu yakatoka: hana. Wifi, amelala kwenye machela, akanivuta kanga.

"Umeona mashine ilivyo na mbio? Pua yangu imepata majibu siku hiyo hiyo. Kumbe nilipeleka upande usiotakiwa."

Nilicheka huku nalia. Hata mpokeaji wagonjwa aligeuza uso.

Daktari alikuwa mama wa makamo, hakuzunguka. Alisema uvimbe umeshashika kibofu na mifupa ya nyonga, haukatiki. Wifi akamuuliza kama ungeonekana wakati ule ingekuwaje. Daktari akasema kweli: kingekuwa kidoa tu, wangekichoma pale pale kliniki, akatoka kwa miguu yake.

"Nikarudi kusuka?"

"Kesho yake, dada."

Mimi nilipimwa upya, nikakutwa salama. Sikujua nifanyie nini bahati ile. Kwa siku nyingi niliona aibu hata kula mbele yake.

Tulimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Mume wangu, aliyemlea dada yake tangu wazazi wao walipofariki, alikaa pembeni ya kitanda akirudia neno moja, kwamba yote ni mipango ya Mungu.

"Kaka," wifi akamwambia, sauti imebaki ndogo, "usimsingizie Mungu. Mungu hafanyi kazi maabara."

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akilia nyuma ya nyumba kama mtoto aliyepigwa. Wifi akaniomba nimfuate, nami nikakataa kumwacha. Nilimchana nywele, vibaya, na akanisema kwa kuzichana vibaya.

Alifariki wakati barakoa zimeshatupwa. Msiba ulijaa. Watu waliketi wakibanana, wakashikana mikono na kukumbatiana, mambo ambayo tulikuwa tumenyimwa muda mrefu, na kusema kweli kulikuwa na furaha fulani hewani. Walihesabu nyumba za mtaa zilizopoteza watu kwa korona. Yetu haikuwemo.

Jirani mmoja, mama mwema, akanishika mikono yote miwili. "Pole, mwanangu. Ila mshukuruni Mungu, janga limepita na nyumba yenu halikuigusa."

Niliichomoa mikono yangu, nikaingia ndani nikafunga mlango.