Mchanga wa Ukuta wa Mbele

Mwaka 1956, nilipotoka eda ya mume wangu Shamsi, lipu ya ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Kikwajuni ilianza kubanduka. Niliamua kuipiga upya mwenyewe kabla ya masika. Chokaa nilikwisha kuiloweka. Mchanga aliniletea jirani yangu Machano, lakini alirudi upesi mno.

"Umeuchota pwani," nilimwambia. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huila lipu.

"Wa shamba, Bi Kidawa. Nnakuapia."

Nilitia chembe mdomoni, kama Shamsi alivyonifundisha. Haukuwa na chumvi. Sikuridhika, nikaonja tena.

Machano alicheka. "Utaumaliza kwa kuula! Hebu onja na huo wa zamani, tujue kilichoibandua lipu."

Lipu ya zamani aliipiga Shamsi, na aliniapia kuwa mchanga wake aliutoa Dole, mbali na bahari. Niliokota kipande, nikakigusa kwa ulimi. Kilikuwa chumvi tupu.

"Enhe?" Machano aliuliza.

"Hakina chumvi," nilimjibu, nikakifukia kwa mguu. "Lete maji, tukoroge."