Kaka Aliyeingia Bila Ada

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, kati ya sketi ya tisa na ya kumi, fundi aliiona cherehani ya mama yake kwenye simu. Alikuwa anapumzisha mgongo tu, huku akipekua ukurasa wa watu wanaouza vitu walivyovichoka. Ilikuwa imekaa kati ya kabati lisilo na mlango na baiskeli ya mazoezi: nyeusi, ya kukanyaga, maua yake ya dhahabu yamefifia shingoni. Angeweza kuipita, maana cherehani za namna ile zilijaa dunia nzima enzi hizo. Lakini kwenye ubao wa meza, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya kuungua yenye umbo la ncha ya pasi.

Alama ile aliiweka mwenyewe akiwa na miaka tisa. Aliacha pasi ya mkaa juu ya meza, akaenda kuangalia wenzake wakiruka kamba. Mama yake alipoikuta hakumpiga. Aliupangusa ubao kwa kiganja, akasema, "Basi, sasa ni yako. Umeshaitia sahihi." Miaka kumi baadaye mama aliugua, cherehani ikauzwa kulipia hospitali, na mama akafa wiki ile ile zilipokwisha hela. Tangu hapo fundi ameshona kwa mashine ya umeme, ambayo inakwenda mbio na hajawahi kuipenda. Alichokitamani ni sauti ya lile kanyagio mchana wa saa tisa, mama akivumisha wimbo na pini zimebanwa midomoni. Sauti ile ndiyo iliyomlea, na ukimuuliza atakwambia hivyo hivyo bila kuona haya.

Akamwandikia muuzaji. Muuzaji alijibu kabla simu haijawekwa chini. Alikuwa na adabu, alimuita dada, akauliza hali ya nyumbani, na bei yake haikuwa ya kuumiza. Fundi akafungua huduma ya malipo. Mle ndani palikuwa na njia mbili. Ya kwanza iliitwa Kununua Bidhaa: unakatwa ada, na huduma inazishikilia fedha zako mpaka useme mzigo umefika. Usipofika, unarudishiwa. Ya pili iliitwa Kumtumia Ndugu: hakuna ada, na hakuna anayeuliza lolote baadaye.

"Dada, chagua ya ndugu," muuzaji aliandika. "Hao tuwape ada ya nini? Watatusaidia kuibeba?"

Fundi alipiga hesabu kama mafundi wanavyopiga. Ada ilikuwa bei ya zipu mbili na nyuzi tatu. Huyu ni mtu ambaye ukutani kwake, juu ya kioo, ameandika kwa chaki KITAMBAA HAKIKATWI BILA NUSU YA MALIPO, na kwa miaka ishirini hajamlegezea hata shemeji yake. Lakini zipu mbili ni zipu mbili. Akabonyeza Ndugu. Huduma ikamuuliza mara moja tu: una hakika kwamba huyu ni ndugu yako? Akabonyeza Ndiyo.

Cherehani ilikuwa ifike Alhamisi. Alhamisi hiyo, jua likizama, alikuja muuzaji mwenyewe, mikono mitupu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kiasi. Alivua viatu mlangoni na kuvisukuma kwa mguu chini ya benchi, pale pale vinapowekwa viatu vya nyumba hiyo.

"Za kutwa, dada," alisema. "Nina kiu mie."

"Maji yako mtungini," fundi alimjibu. Hakumwonyesha mtungi ulipo, kwa kuwa alikuwa ameshaufikia.

Alipokuwa anakunywa, fundi aliiangalia picha ya familia iliyotundikwa juu ya redio. Zamani ilikuwa na watu watatu: mama nyuma ya cherehani, fundi kulia, mdogo wake kushoto. Sasa walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mvulana mwenye kaptura, amesimama katikati na mkono wake uko juu ya gurudumu la cherehani. Ili apate nafasi, fundi alikuwa amesogezwa pembeni hadi fremu ikamkata nusu. Jambo hilo lilimuudhi, kwa sababu gauni alilovaa pale mama alilishona siku mbili.

Alimpigia simu mdogo wake, mwalimu wa hisabati.

"Kaka yetu amekuja," alimwambia.

"Kaka yupi?"

"Yule niliyemlipa."

Mwalimu alikwenda kutazama albamu yake, akarudi. "Ee, nimemwona. Sasa mimi nimekuwa wa tatu? Dada, miaka yote hii mimi ni wa pili! Si ungeniuliza kwanza?"

"Nilikuwa naokoa ada."

"Rahisi ghali, nilikwambia."

"Hukuniambia."

"Ungeniuliza, ningekwambia."

Kesho yake fundi aliwapigia watu wa huduma ya malipo. Alisubiri kwa muda wa sketi nne, simu imebanwa begani, ndipo akapokea mwanamke mwenye sauti ya upole. Fundi akaeleza: amelipa, cherehani haikuja, amekuja kaka.

"Naona hapa malipo yalikwenda kwa ndugu, mama," alisema yule mpole. "Ulinzi wa mnunuzi ni kwa anayemlipa mtu asiyemjua."

"Nilipomlipa nilikuwa simjui."

"Uliulizwa, ukasema ndiyo. Na nikimwangalia hapa ni kaka yako kabisa, baba mmoja mama mmoja. Ana ndugu mia moja na kumi na wawili kwetu, na hakuna hata mmoja aliyerudishiwa."

"Na hela yangu?"

"Mambo ya familia hatuyaingilii, mama. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kuna lingine nikusaidie?"

Halikuwepo. Dakika moja baadaye uliingia ujumbe wa kumpongeza kwa kuokoa ada.

Kaka akazoea nyumba. Alikuja kila jioni, akalaumu chai kwamba ni nyepesi, akaegemea mto uliokatazwa kuegemewa. Na alikumbuka. Alikumbuka paa lililovuja juu ya kitanda cha mama, na mabeseni yaliyopangwa kwa ukubwa. Alikumbuka mteja aliyerudisha suruali moja mara tano. Wimbo wa mama, ambao fundi alikuwa amebakiwa na ubeti mmoja tu, yeye alikuwa nazo beti zote tatu. Fundi alizima mashine ili amsikilize, na jioni nyingine alicheka mpaka akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Hakuwa amefurahi namna ile kwa miaka mingi, na lazima hilo lisemwe hata kama linauma.

Kisha jioni moja kaka akasema, "Unakumbuka nilivyoiunguza ile meza kwa pasi? Nilikwenda kuangalia wenzangu wakiruka kamba. Mama hakunipiga. Aliniambia sasa ni yangu."

"Huyo nilikuwa mimi," fundi alisema.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaruka kamba, dada."

Fundi alirudi moyoni kuitafuta siku ile. Akaikuta. Mvulana alikuwa amesimama mezani na mama anapangusa ubao. Yeye alikuwa nje, kwenye vumbi, anahesabu miruko.

"Cherehani iko wapi?" aliuliza.

"Sijawahi kuwa nayo. Picha niliiokota kwa mtu, naye aliiokota kwa mwingine. Yenyewe nasikia iliuzwa vyuma chakavu zamani, ikayeyushwa."

"Mbona ukala hela yangu?"

Kaka aliwaza kwa dhati. "Ungelipa ile ada," alisema, "tusingejuana."

Halafu akaomba ashonewe shati. Jumamosi alikuwa anakwenda kwa dada mwingine, mwanamke aliyelipia jokofu juzi, na mtu haendi kwa dada yake kwa mara ya kwanza akiwa amevaa matambara. Fundi alimuuliza jina la mwanamke huyo ili amwandikie. Kaka akasema bado hawajazoeana kiasi cha kutajana majina.

Angeweza kumfukuza. Badala yake alichukua futi akampima shingo, kifua na urefu wa mkono. Alipofika mabegani alisimama. La kulia lilikuwa chini ya la kushoto kwa upana wa kidole, kama la mtu aliyeinamia sindano na kuzungusha gurudumu nusu ya maisha yake. Kasoro hiyo ya mama haikuonekana kwenye picha yoyote. Aliijua yeye peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemshonea mama gauni la mwisho, kwa mkono, cherehani ikiwa imeshauzwa.

"Dada, unapima au unafanya nini?"

"Napima," alisema, akaendelea kulishika bega la mama yake. Jumamosi bega hilo, ndani ya shati jipya, lilikwenda kwa yule mwanamke wa jokofu.