Utingo wa Jumapili

Binti yetu alikuja Jumapili ile kumkagua baba yake kama anavyokagua madaftari ya wanafunzi wake. Hakusema hivyo. Alisema ametamani kutembea na wazazi wake apate hewa ya mashambani. Hewa! Mtu ambaye akija kwetu hata kikombe cha chai hakimaliziki, simu imelia, keshaondoka. Mimi nilijua. Jirani yetu mwenye duka alikuwa amempigia akamwambia, "Mwalimu, baba yako juzi kapanda ukingo wa barabara hapa mbele yangu, nikampungia mkono, wala hakuniona." Yule mwenye duka ana kimbelembele, Mungu amsamehe, maana mimi bado.

Kwa hiyo siku ile tulikuwa tunagombea ufunguo wa gari. Binti akigundua kwamba baba yake haoni vizuri, anautia ufunguo kwenye mkoba wake anaondoka nao, na matembezi yetu ya Jumapili yamekwisha. Nami nilikuwa nimeapa: wa kutoona kitu siku hiyo atakuwa yeye.

Niseme ukweli mapema. Macho ya mume wangu yalikuwa yamekwenda. Hakuwa gizani kabisa. Mwanga aliuona, na kitu kikubwa kama nyumba au lori alikiona, lakini shimo, mbuzi, mtu na baiskeli yake, hivyo vyote vilikuwa ukungu mtupu. Daktari alituambia kwamba presha ya macho ikishakula, ilichokula haikirudishi. Mume wangu akatoka pale kimya, akaenda kuweka dawa ya matone juu ya kabati, na neno hilo halikutajwa tena nyumbani kwetu. Binti hakuambiwa. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia mzee akisema "sioni." Alisema taa za siku hizi hafifu, alisema magazeti yanabana maandishi, alisema kioo cha gari kichafu. Nikakisugua kioo mpaka mkono ukauma.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori makubwa maisha yake yote. Mimi nilibaki nyumbani na cherehani na watoto. Akirudi, anakula, analala, anaondoka. Aliyemjua vizuri ni utingo wake, yule msaidizi anayekaa naye mbele, anayeshuka kuweka mawe kwenye magurudumu na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma: lete, lete, kata kulia, nyoosha, basi! Nilimwonea wivu yule kijana kuliko mwanamke yeyote. Mume wangu alipostaafu akanunua kigari chekundu, kikuukuu, akaniambia, "Mama watoto, sasa twende tukatembee." Nilivaa vizuri kama bibi harusi. Jumapili baada ya Jumapili tukawa tunatoka mjini, tunaiacha lami, tunaingia njia za vumbi kati ya mashamba, polepole, hatuna tuendako. Ananionyesha: hapa springi ilikatika tukalala, pale mvua ilitushika, kwenye kilima kile nilikuwa nakuwaza. Kwenye kilima! Si angeandika barua? Lakini nilifurahi, jamani. Nilifurahi sana.

Macho yalipoanza kumtupa, siku moja nikapiga kelele, "Shimo, wewe!" Akakwepa. Tukaenda kidogo, akasema, "Endelea kuongea. Leo mdomo wako una kazi." Basi. Tangu siku hiyo nikawa utingo. Yeye barabara zile anazijua kwa moyo, kona zote zimo kichwani, na yale ambayo hayamo kichwani nayasema mimi. Macho yangu ni ya kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tukawa tunakwenda mwendo ambao hata kuku anatupita, na hatukuwahi kumgusa mtu. Najua unachotaka kuniambia. Nilijiambia hivyo hivyo kila Jumamosi, na kila Jumapili mzee alinyoa ndevu zake huku anapiga mluzi, na mimi nikanyamaza.

Sasa tatizo lilikuwa hili: nitamwelekezaje mbele ya Mwalimu?

Tulipotoka getini binti alikaa nyuma, katikati, shingo ameitoa kama askari. Nikaanza. "Ah, siku nzuri! Na mama yule mwenye ndoo kichwani, hapo kushoto, anavyotembea kwa madaha katikati ya njia!" Mzee akapisha kulia. "Naye bwana wa baiskeli amebeba magunia, ona, anayumba huyo, anayumba." Mzee akapunguza.

Tukaiacha lami. Nikaendelea kusifu. Nilisifu matuta, nilisifu mitaro. Nikasema, "Ona kona nzuri hii ya kulia inayokuja!"

"Mama," binti akasema, "kona nayo ina uzuri gani?"

"Imepinda vizuri. Wewe umezaliwa mjini, huwezi kujua."

"Angalia basi alizeti zile, zimejaa bonde zima!"

Sikuzitazama. Ningezitazamaje na punda yuko mbele na mkokoteni wake? "Punda mnene!" nikasema. "Amenona mpaka amejaza njia!" Mzee akasimama, akasubiri, punda akapita. Binti akacheka kwa pua. Akafungua dirisha, vumbi likaingia, akafunga, joto likatubana, akafungua tena. Gari dogo likatupita kwa fujo, vijana ndani wakatuzomea, "Babu, sukuma!" Mzee akatabasamu tu. Akamsimulia binti yake jinsi daraja lile la mawe lilivyojengwa, na duka lile lililofungwa lilivyokuwa likiuza matairi, na kila alichokitaja kilikuwepo mahali pake. Binti alikuwa akitazama huku na huku, anaitikia, "Kweli, baba. Kweli." Nikaona mabega yake yanalegea. Moyoni nikasema, tumempata.

Halafu akanichokoza. "Mama, hebu mwache baba apumue. Tangu tutoke unaongea wewe tu. Mdomo unashona kuliko cherehani!"

"Mdomo huu ndio uliokulea," nikamwambia, na nikageuka nyuma ili nimwambie vizuri. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Niliporudisha uso mbele, kulikuwa na kifusi cha mawe, wenye kutengeneza barabara wamekimwaga nusu ya njia, na sisi tunakwenda moja kwa moja.

"Kata kulia! Kata! Simama!"

Mzee alikata, akakanyaga breki, gari likateleza kwa ubavu, likasimama. Mawe yalikuwa karibu na mlango wangu kiasi kwamba ningeweza kuyapapasa. Vumbi likatufunika.

Binti alikuwa ameinamia simu yake wakati ule. Alipoinua kichwa alinikuta mimi nimepiga kelele na baba yake amekwishakwepa. "Mama! Unamshtua baba! Ungetuua!"

Nikaipokea lawama, nikakung'uta vumbi.

Tulifika juu ya kilima chenye mnara wa simu, mahali pa kupumzikia. Nikashusha chupa ya chai na vikombe, nikatandika kitenge kwenye majani. Mzee alisimama karibu na gari, mkono mmoja kwenye boneti, uso ameuelekeza bondeni, anavuta hewa. Binti akamaliza chai yake yote, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akasimama mbele yetu kama yuko darasani.

"Baba, nisamehe. Nilikuja na wasiwasi. Watu wamenijaza maneno. Lakini leo nimeona mwenyewe, uko sawasawa. Kile kifusi umekikwepa kama kijana." Akanigeukia. "Tatizo ni wewe, mama. Unampigia kelele njia nzima. Dereva wa miaka yote ile unamfundisha kona? Ndiyo maana alipanda ukingo wa barabara, bila shaka ulikuwa ukibwabwaja."

Nilitaka kucheka na kulia. Nilikuwa nimeshinda! Ufunguo ni wetu. Nikanyanyua kikombe ili nifiche uso.

"Na kwa kuwa uko vizuri, baba," akaendelea, "Jumapili ijayo nina semina, na mume wangu amesafiri. Nitakuletea watoto wote wawili, uwapeleke kwa shangazi yao huku mashambani. Uende nao peke yako. Mama apumzike nyumbani, na wewe upumzike kelele zake."

Chai ilinipalia. Wajukuu zangu! Yule mdogo bado anakaa kwa kupakatwa. Nikamtazama mzee. Nikasema moyoni, sasa atatafuta kisingizio, atasema gari bovu, mgongo unauma, chochote, uongo haukosekani.

Mzee akasema, "Sawa. Walete."

Nilimchukia pale pale. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumchukia hivyo. Binti yake amempa sifa, sifa zimempanda kichwani, na yuko tayari kuwapakia watoto wale katika ukungu wake! Nikakusanya vikombe kwa vishindo. Kikombe kimoja kikavunjika kishikio.

"Ona sasa, umenuna," binti akasema. "Kurudi, mimi nakaa mbele. Mama, wewe kaa nyuma, na tafadhali, usiseme hata neno moja mpaka nyumbani."

"Haya," nikasema. "Sisemi."

Nikaingia nyuma. Nikafunga mlango na mdomo. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira ile kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo ilikuwa kubwa. Nilijua akiondosha gari bila mimi, itabidi nipige kelele, na nikipiga kelele nitasema yote. Na asipoondosha? Sikujua asipoondosha itakuwaje. Nilimwomba Mungu asiondoshe.

Mzee aliwasha. Akakanyaga klachi, akaingiza gia, akashusha breki ya mkono. Mbele yetu njia iliteremka kati ya mashamba, na chini kabisa kulikuwa na watoto wanarudi kutoka kisimani na madumu. Niliwahesabu kwa mazoea, nikauma ulimi.

"Mama watoto," mzee akaita, bila kugeuka. "Vipi huko?"

Kimya.

"Baba, mwache," binti akasema. "Twende. Njia nyeupe."

"Nyeupe mpaka wapi?"

Binti akacheka. "Mpaka chini kule, baba. Si unaona?"

Gari likabaki linaunguruma. Akaita tena, safari hii kwa jina langu la usichana, ambalo hakuna mtu mwingine duniani analijua sasa isipokuwa yeye. Sikujibu. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nayanywa.

Mzee akarudisha breki ya mkono. Akazima injini. Akatoa ufunguo, akaushika kwenye kiganja, akampa binti yake, lakini aliupeleka kando kidogo ya mkono wa binti, na binti ikabidi asogeze mkono ili aupokee.

"Usiniletee wale watoto," akasema. "Sioni, mwanangu."

"Huoni nini, baba?"

"Sioni. Hata wewe hapo ulipo sikuoni uso. Nasikia marashi yako tu."

Binti akatazama njia, akatazama ufunguo. Sauti yake ya ualimu ikapotea, akabaki mtoto mdogo kabisa. "Lakini umetuleta mpaka hapa! Mawe je? Yale mawe uliyakwepaje?"

"Muulize mama yako. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha."

Binti akageuka polepole kwenye kiti na kunitazama. Nilidhani atanifokea, na ningemfokea zaidi, nilikuwa tayari. Hakunifokea. Alikuwa analia, na mimi nalia, na mzee yuko mbele yetu mikono mapajani, hajui aiweke wapi sasa.

"Shuka wewe," nikamwambia mzee. "Shuka uje ukae huku nyuma na mimi. Na taratibu, mlango wako uko kwenye mtaro."