Balo za Kokwa

Mwaka huu sikualikwa kwenye sherehe ya mjukuu wangu Raisa ya kutimiza miaka saba. Nilialikwa kuitengeneza. Tofauti ni ndogo, nadhani, kwa watu waliosoma.

Binti yangu Nadia alinipigia simu kutoka Bujumbura kwa sauti yake ile ya kubembeleza, ninayoifahamu tangu alipokuwa mdogo akitaka viatu vipya. Raisa amenunuliwa nyumba ya midoli, akasema. Ghorofa mbili, ina bafu, ina ngazi, ina taa ambazo hazikatiki kwa kuwa hazijawahi kuwaka. Sasa baba ni fundi, baba ana mikono, baba awatengenezee midoli sherehe ndogo ya kuzaliwa ya kuweka mle sebuleni: meza, viti, keki.

"Na sherehe ya mtoto mwenyewe ni lini?" nikauliza, kama vile sijui. Ndiye mjukuu pekee niliye naye.

"Jumamosi. Lakini mwaka huu ni watoto tu, baba. Utachoka bure."

Watoto tu. Na wazazi wao, na mpiga picha, na mkubwa wa kazi wa Ismaili. Ismaili ni mume wa Nadia. Anafanya kazi kwenye mradi wa kuimarisha uwezo. Uwezo wa nani, sijapata kumsikia akisema.

Sababu ya kuachwa naijua. Mwaka jana nilikwenda na mfuko wa ndagala wakavu, vile visamaki vya ziwani kwetu, zawadi ya maana kabisa, wakaniuliza kama mfuko ungeweza kukaa nje. Kisha nikaona watu wanataka kukata keki bila mtu kusimama kusema neno. Kwetu Rumonge sherehe isiyo na hotuba si sherehe, ni watu waliokutana kwa bahati mbaya. Nikasimama. Nikawashukuru waliokuja, nikawashukuru waliotaka kuja wakashindwa, nikaeleza ukoo wa mtoto tangu kwa babu yangu aliyefika hapa akiuza chumvi. Watoto wawili walilala. Mmoja alilia. Ismaili alitazama viatu vyake, ambavyo kusema kweli ni vizuri. Lakini mimi naitwa Maneno, sasa walitegemea nini?

Nilitaka kualikwa, nasema wazi. Nilitaka hata kama ningekaa nje pamoja na mfuko wangu. Lakini mtu mzima haombi kualikwa kwa mwanawe, kwa hiyo nikasema haya, nitatengeneza.

Baadaye Nadia akaniletea ujumbe: "Usisahau balo, baba. Balo nyingi, za rangi rangi." Nikashangaa kidogo. Lakini dunia imebadilika, na kama Raisa anapenda kucheza balo, mimi ni nani wa kumzuia. Mimi mwenyewe nilikuwa kipa, mpaka goti lilipokataa.

Nikaanza kazi. Viti nilivichonga kwa libuyu, mbao ya Kongo iliyobaki kwenye kitanda cha mteja, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Nadia alisema vizunguke meza. Wanaozunguka meza ni wacheza karata. Nikavipanga safu kwa safu vikitazama mbele, na huko mbele nikaweka meza ya wakubwa yenye kitambaa cheupe. Keki nikaichonga kwa sabuni ya mawese. Nikasimamisha hema la kitenge, nikatengeneza kreti ya Fanta kwa shanga za rangi ya machungwa, na mikrofoni nikaifanya kwa njiti ya kiberiti yenye kichwa chake. Katikati ya meza ya wakubwa nikaweka kiti kimoja chenye mikono, cha mkubwa wa familia. Nikakiacha kitupu. Mwenye akili angeelewa.

Zikabaki balo. Nikaokota kokwa za michikichi, nikazisugua kwa msasa mpaka zikawa duara, nikaenda sokoni kununua rangi ya kucha. Yule mama muuza vipodozi alikitazama kipara changu akauliza rangi ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, akanihesabia chenji. Rangi ilikwisha kabla ya kokwa ya mwisho, nikaiacha hivyo hivyo, ya kahawia na yenye kung'aa, nikaiweka pamoja na nyingine.

Jirani yangu Revokatus akaja kukagua. Huyu ni mwalimu, alikaa ukimbizini Tanzania miaka mingi, na tangu arudi anasahihisha Kiswahili cha kila mtu mpaka cha wauza samaki.

"Kazi safi, Mzee Maneno. Ila hii mipira ni ya nini?"

"Si mipira, ni balo."

"Balo ndiyo mpira."

"Basi kama unajua, unauliza nini?"

"Kwenye sherehe ya mtoto watu huweka maputo, mzee. Yale ya kupuliza, ya kutundika."

Nikamwambia binti yangu kaandika balo, na kama anataka kumsahihisha, namba yake ya simu ninayo. Akaenda zake.

Ijumaa nikaifunga sherehe yangu kwenye boksi, nikamkabidhi dereva wa gari la Bujumbura, ambaye aliapa kwamba ataiweka mbele mwenyewe na haitaguswa.

Jumamosi mchana nikafungua karakana, ingawa sikuwa na kazi yoyote. Nikakaa kwenye benchi. Simu ikalia, ya video, Nadia akanitokea amevaa vizuri na amekunja uso.

"Baba, hii kitu inanuka ndagala."

Kumbe dereva alipita Magara akapakia samaki juu yake. Nikajisemea, basi angalau nimehudhuria kidogo.

"Na viti viko kama vya mkutano wa chama. Na hizi kokwa? Mimi nilisema balo."

"Ndizo hizo."

"Balo za kupuliza, baba."

"Balo gani isiyopulizwa?"

Akaigeuza simu juu, nikaona dari yote imejaa madude mepesi ya pinki na ya dhahabu. "Hizi ndizo balo," akasema.

"Hayo ni maputo," nikasema. Revokatus angefurahi sana.

Nadhani angekata simu, lakini mkono mdogo ukaikwapua, nikaona pua ya Raisa, kisha jicho, kisha sherehe yangu. Midoli wote walikuwa wamekaa kwenye safu, kila mmoja ana balo yake miguuni. Na kwenye kile kiti chenye mikono, juu ya shati la karatasi, ilikaa ile kokwa isiyo na rangi. Ilikuwa imechorwa macho mawili na mdomo ulio wazi kabisa. Mikrofoni ilikuwa mbele yake.

"Huyu ni wewe, babu," akasema Raisa. "Unatoa hotuba."

Nikajikuta nimeshika kichwa changu.

"Mama alisema uko na kazi nyingi, ndiyo maana hukuja. Nikasema basi nikuweke hapa."

Ukingoni mwa kioo niliona nusu ya uso wa Nadia, na nusu hiyo ilikuwa inatazama sakafu. Mimi nilikuwa na jibu. Nililiandaa wiki nzima kwa ajili ya siku atakayouliza mtu, lenye makali yake. Nikaliacha lilipo.

"Kweli, mjukuu wangu," nikasema. "Kazi ilikuwa nyingi. Vile viti peke yake, hata usiniulize."

"Basi toa hotuba. Wote wanakusubiri."

Nikasimama mle karakanani peke yangu, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Nikawashukuru waliokuja. Nikasema, na tunawashukuru pia waliotaka kuja, na hapo maneno yakaniishia, mimi Maneno.

Simu ikatikisika. Sasa aliyeishika alikuwa Nadia, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Endelea, baba," akasema. "Waliotaka kuja wakafanyaje?"

Nikaona amekaa chini sakafuni na gauni lake zuri, nyuma ya safu ya mwisho.