Ukungu wa Pwani ya Mbali

Siku Gelasius alipotamka kwamba wanakwenda Namibia kwa gari lao wenyewe, Natalia alikuwa uani pao Makanyagio, mjini Mpanda, anapepeta mchele. Hakuuliza kwa nini. Tangu wamzike Angela, mtoto wao pekee, nyumba ile ilikuwa imezoea kukaa bila maswali.

Gelasius alikuwa fundi magari. Mwaka uliotangulia, watalii wawili waliharibikiwa na gari karibu na Sitalike, wakashinda gereji kwake wakisubiri kipuri. Hao ndio waliomwonyesha picha za ufukwe ambako jangwa linakutana na bahari, watu wamesimama ndani ya maji wakivua kwa fimbo ndefu. Walipoondoka walimwachia hema. Likakaa juu ya kabati mpaka uvumilivu ukamwishia.

Wakaondoka na mchele wa Usevya, jiko la gesi na magodoro mawili membamba. Walipovuka Tunduma, Kiswahili kiliendelea kusikika upande wa Zambia, kisha kikapungua kama mto wa kiangazi, mwisho kikakauka kabisa. Gelasius alikuwa na Kiingereza chake cha gereji, cha kununulia dizeli na kuulizia njia. Natalia hakuwa nacho hata hicho. Kila jioni walisimika hema, huyu ameshika kamba, yule anagonga vigingi, wakala wali, wakalala wamepeana migongo. Mchana ndani ya gari ilisikika injini tu.

Zamani walikuwa waongeaji. Zamani huyu alikuwa Baba Angela na huyu Mama Angela. Baada ya mazishi majina yale yaliwakwama kooni, na mengine hawakuyatafuta. Wakawa wanaitana "wewe", au hawaitani.

Walipofika pwani, mzee mmoja aliyepiga kambi jirani yao akampa Gelasius fimbo yake kuukuu, akamfundisha kuvua: namna ya kufunga chambo, namna ya kuning'iniza kipande kizito cha risasi ili mawimbi yasiirudishe ndoano mchangani, namna ya kuzungusha mwili wote na kurusha mbali, ng'ambo ya pale mawimbi yanapoanguka. Gelasius akanogewa. Alfajiri alishaingia majini, akirudi jioni suruali imelowa mpaka mapajani, anakula, analala.

Natalia alibaki na hema. Alifua nguo zilizokuwa safi. Wanawake wa kambini walimpungia mkono, naye akawapungia, mazungumzo yakaishia hapo. Alifika mahali akatamani hata ugomvi.

Asubuhi moja alichukua chupa ya chai ampelekee mumewe. Hakuwa amefika mbali, ukungu ukatoka baharini, mzito, wa baridi, ukafunika kila kitu. Akageuka kulitafuta hema, halipo. Akatembea, akasimama, akatembea tena. Bahari ilinguruma kana kwamba iko pande zote. Hata angekutana na mtu, angemuuliza kwa lugha gani?

"Gelasius!" akaita. Sauti ikamezwa. Akaita tena, kimya. Hofu ikampanda, na kilichomtoka kinywani hakukichagua.

"Baba Angela! Baba Angela wee!"

"Mama Angela!" Sauti ilitoka kushoto, ya mtu anayekimbia. "Simama hapo hapo! Usisogee!"

Akamtokea ghafla, amelowa maji, anahema, mikono mitupu.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Nimeitupa." Akamshika mabega yote mawili. "Nilidhani na wewe..." Akalia, yeye ambaye makaburini hakutoa chozi, na Natalia akasimama amemshikilia, chai iko chini mchangani.

Baadaye akamuuliza, "Ukiwa mle majini huwa unawaza nini?"

"Siwazi kitu. Ndiyo maana nasimama pale."

"Basi nifundishe. Nimechoka kuwaza peke yangu."

Fimbo waliikuta mawimbi yameisukuma ufukweni. Mara ya kwanza Natalia aliporusha, ndoano ikaanguka karibu na miguu yake. Mchana akapata samaki mrefu mwenye ubavu wa fedha, aliyemvuta nusura ampige mweleka. Jirani yao mzee akapiga makofi. Jioni walimla kwa wali, na Gelasius akasema, "Angela angekuona ulivyokuwa unarudi kinyumenyume, angecheka mpaka akae chini."

"Na picha angenipiga," Natalia akajibu.

Waliongea mpaka wali ukapoa.

Lakini waliporudi, Mpanda ilikuwa ile ile. Gelasius alirudi gereji, akirejea nyumbani kula na kulala, na maneno yakaanza kupungua tena siku hadi siku. Fimbo hakuigusa. Natalia ndiye aliyeichukua. Akipata nafasi hupanda basi mpaka Kapalamsenga, akasimama kandokando ya ziwa upepo unapoinua mawimbi.

"Mama, Tanganyika linavuliwa kwa mtumbwi!" wavuvi humtania.

"Najua, wanangu. Niacheni tu."

Siku nyingine hupata samaki, siku nyingine hapati. Juzi Katarina, mama anayekaanga samaki aina ya migebuka pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, alimuuliza, "Na mzee haji?"

"Anasema atakuja."

Ilikuwa kweli. Gelasius alikuwa amesema hivyo, tena si mara moja. Natalia akafunga chambo, akapandisha kitenge, akaingia majini mpaka vifundoni, akarusha.