Wimbo wa Ng'ombe wa Dida

Kawira aliapa kwa jina la mama yake kwamba ng'ombe walipiga magoti.

"Mimi sikuambiwa, niliona!" alisema, amesimama katikati ya njia ya Burat, mzigo wa kuni kichwani na hana habari ya uzito wake. "Kinanu yuko ndani ya kisima cha Waborana, matope mpaka magotini, anaimba kama mtu aliyepandwa na kitu. Ng'ombe wakaja, wakapiga magoti mbele yake. Wakapiga magoti, wewe! Na huyo ndiye anabatizwa Jumapili?"

Habari ilipofika kanisani, ng'ombe walikuwa wameshaanza kulia machozi pia.

Kinanu alipoisikia alicheka mpaka akaketi chini kati ya mistari ya vitunguu vya shangazi yake. Hori lenyewe la kunyweshea, la udongo, lilikuwa chini. Ndama asiyekunja magoti atakunywa vipi? Lakini kicheko kilimkauka alipomwona Mwinjilisti Kobia akija kwa miguu, kofia mkononi. Mzee yule kofia huivua kwa mambo mawili tu, maombi na matanga.

"Mwanangu," Kobia alisema, "ni kweli unawaimbia ng'ombe?"

"Ni kweli, Baba Mwinjilisti."

"Wimbo gani?"

"Wa kuwaita waje kunywa."

"Unamtaja Mungu ndani yake?"

Kinanu alifikiri, kwa sababu hakutaka kusema uongo siku zilizobaki zikiwa chache hivi. "Unawataja wale wekundu, na mwenye pembe iliyoinama, na yule mzee asiyependa kusukumwa. Mungu hapana. Labda anasikiliza tu."

Kobia hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, fundi wa mawe kabla ya kuitwa kwenye kazi ya Injili, na mikono yake bado ilikuwa migumu kama patasi. "Sikiliza. Mimi nikiwa kijana, huko kwetu milimani, ngoma haikukesha bila mimi. Nilipookoka nikaiacha. Si kwamba ilikuwa mbaya yote. Ni kwamba kila nikiisikia, miguu inarudi ilikotoka. Wimbo ni kamba, mwanangu. Unamfunga mtu mahali. Kwa hivyo chagua. Kule kisimani imba wa kanisa, au usiimbe. Ukiimba ule mwingine, Jumapili mimi sitakuita mbele."

Kinanu aliinamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa amekaa darasa la ubatizo, akipita kizuizi cha askari kila Jumatano, akifunguliwa kikapu na kufungwa tena. Gauni jeupe shangazi alikuwa ameshalishona na kulikunja chini ya mto. Alichotaka duniani, kwa wakati ule, ni kusikia jina lake likiitwa mbele ya watu.

"Nitaimba wa kanisa," akasema.

"Nami nitakuja nisikie," Kobia akajibu, akavaa kofia.

Sasa, kisima kile hakikuwa cha mtu mmoja kuteka. Kilikuwa kirefu, kimechimbwa kwa ngazi za udongo. Watu husimama mmoja juu ya mwenzake wakirushiana okole, ile ndoo ya ngozi: iliyojaa inapanda, tupu inashuka. Zamani ilikuwa kazi ya wanaume. Lakini vita hivi vya mashifta, waasi na serikali, vilikuwa vimewatawanya wanaume, wengine wamefungiwa manyatta zenye ulinzi, wengine hawajulikani, na ng'ombe walikuwa hawajui kama kuna vita. Kiu yao ilikuwa ile ile. Dida alibaki na ng'ombe wake bila wenzake wa kuteka, ndipo Kabale, mkewe, aliposhuka naye kisimani; na Kinanu alipokuja siku moja na debe lake kutafutia vitunguu maji, Kabale akamwambia, "Hapa hakuna anayeteka peke yake. Ingia kwenye mstari, uimbe, na debe lako litajaa." Tangu hapo wamekuwa kama dada.

Alasiri ile Kobia alipofika, Kabale alimsalimia vizuri, kisha akasikia shauri lenyewe, akamtazama Kinanu, akaziba mdomo na ushungi wake.

"Usicheke," Kinanu alimwomba.

"Sicheki. Hata sheikh wetu anatuambia tupunguze hizi nyimbo. Lakini ng'ombe hajui Kiarabu. Kizungu cha kanisani sijui kama amesoma. Jaribuni."

Siku hiyo Erot, kijana wa Kiturkana anayesimama katikati, alikuwa ameshikwa na homa. Pengo lilionekana. Kobia alilitazama, akavua koti, akavua viatu, akavipanga vizuri ukingoni na kofia juu yake, akashuka. Hakuna aliyemwambia. Dida alikuwa chini kabisa majini, Kobia juu yake, kisha Kinanu, na Kabale juu horini.

Kinanu akaanza wimbo wa kanisa.

Ulikuwa wimbo mzuri, na sauti yake ndani ya kisima ilizunguka kama moshi wa ubani. Shida ilikuwa mikono. Wimbo wa kisimani una mwitaji na waitikiaji, na kila wakiitika, mkono mmoja unatoa na mwingine unapokea. Wa kanisa ulikuwa na mahali pa kuvuta pumzi, tena parefu. Kinanu akivuta pumzi, okole iliyojaa ikabaki hewani bila mwenyewe, na ile tupu iliyokuwa ikishuka ikakutana nayo juu ya utosi wa Mwinjilisti. Akaoga yote.

"Nani amelala huko juu?" Dida alipiga kelele kutoka chini.

"Hakuna aliyelala," Kobia alijibu akitema maji. "Ni ubeti wa pili!"

Wakaendelea. Hori likajaa hata hivyo, kwa shida, lakini ng'ombe hawakuja. Walisimama pale kwenye migunga wakitafuna, wanatazama. Kila kundi lina wimbo wake, na likisikia wa wengine hungoja zamu yake kwa adabu. Ng'ombe wa Dida walikuwa wanawangoja kwa heshima ng'ombe wa kanisa wanywe kwanza.

Kabale alijaribu kuwaswaga kwa fimbo. Wakazunguka mti, wakarudi walipokuwa. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Filimbi ya kafyu ikilia, kila mfugo na kila mtu awe amerudi ndani. Ng'ombe ambaye hajanywa atalala hivyo hivyo, na leo ilikuwa siku yao ya tatu bila maji.

"Kinanu," Kabale aliita. Sasa hakuwa na mzaha. "Ndama hawatafika kesho."

Kinanu alitazama chini. Uso wa Kobia ulikuwa umeinuliwa kwake, unachuruzika. Kinanu aliliona gauni jeupe chini ya mto, limekunjwa. Halafu akafungua mdomo.

"Njooni, wekundu wa Dida!"

"Hee, njooni!" Kabale na Dida wakaitika, mmoja juu, mmoja chini.

"Wewe mwenye pembe iliyoinama, maji yamekuuliza!"

"Hee, yamekuuliza!"

Juu kukasikika kwato. Okole zikaanza kuruka, tap, tap, zikipita mikononi kama ndege waliozoea tundu lao. Kobia alikuwa katikati, na aliye katikati hawezi kutoka mpaka wa mwisho anywe. Akisimama tu, okole inamjibu kifuani. Akapokea, akatoa. Mdomo ameubana. Akapokea, akatoa. Mabega yake yakashika mwendo kabla yake. Na mahali fulani kati ya yule mzee asiyependa kusukumwa na mtamba mwenye madoa, Kinanu alisikia "hee" ya tatu ikitoka kati ya ile ya juu na ile ya chini, nzito, nene, kama ngoma iliyofunikwa blanketi.

"Hee!" Dida akapasuka kicheko kule majini. "Hee, Mzee, hiyo ndiyo!"

Wakaimba mpaka hori likawashinda ng'ombe. Walipopanda juu, debe la vitunguu nalo limejaa, Kobia alikuwa na tope mpaka masikioni.

"Mzee," Kabale alisema, "sauti kama hiyo ulikuwa umeifungia wapi? Erot hata akipona, atachunga mbuzi."

Kobia alikaa ukingoni akihema, akitabasamu peke yake, kisha akakumbuka, akaacha.

Kinanu alikuja akasimama mbele yake, akipangusa mikono kwenye leso.

"Baba Mwinjilisti, nimevunja amri yako. Na sitakudanganya, wakiwa na kiu tena nitaimba tena. Lakini tafadhali, Jumapili niite."

Ndama mmoja mwekundu, maji bado yanamdondoka mdomoni, alikuwa amesogea na kuanza kulamba chumvi ya jasho kwenye mkono wa Kobia, kutoka kiwiko hadi vidole. Mzee aliutazama ulimi ule. Hakuuondoa mkono. "Jumapili usichelewe," alisema, akaugeuza polepole, ndama apate na upande wa pili.