Intricate, Alisema Mteja

...na mstari wa tatu upite chini ya wa pili, si juu, chini, vidole vinajua vyenyewe hata akili ikiwa kwingine, na mteja kitini ameshasema tena, this is so intricate, eti umetatizwa kwa ufundi, anajitazama kwenye kioo kana kwamba alizaliwa na msuko huo, intricate, neno la watu hilo, Digrii analijua mpaka mizizi, amelisomea, Kilatini, tricae, upuuzi mdogo mdogo unaokwaza miguu, halafu Waingereza wakauvisha upuuzi suti ukawa sifa, lace ni intricate, saa ya mkononi ni intricate, kichwa cha bosi ni intricate, ila huku kwetu uzi ukijitatiza hausifiwi, unakaa chini unatafuta ncha huku unatukana... “Digrii, mkono mwepesi,” shangazi yake anasema kutoka kwenye beseni la kuoshea, saluni ni yake na jina hilo la utani kalitunga yeye, “hicho ni kichwa cha mtu, hufungi mzigo wa kuni,” na wanaosubiri kwenye benchi wanacheka, chekeni, chekeni, meno hayalipiwi... simu ya mteja inalia, anaibana kwenye sikio la upande ambao haujasukwa, “Hallo, eeh, ile nafasi ya mfasiri?” na vidole vya Digrii vinasita, mfasiri, ni ofisi ngapi mjini zinatafuta mfasiri, ni ile moja tu, yenye zulia la bluu na maua ya plastiki, alikokaa mbele ya wanaume watatu wenye tai akawajibu mpaka wakaishiwa maswali, “tumeshamweka mpwa wa mkurugenzi,” mteja anaendelea, “ameanza juzi... hao wengine endelea kuwaambia the process is intricate, wawe na subira... yupi, yule wa first class? Ah, huyo ana mdomo, atatusumbua,” vuta, vuta kidogo tu hapa kisogoni penye ngozi laini, aujue mdomo ulivyo, “Aah, dada, unaniumiza,” “Samahani, mama,” samahani, mama! ulimi huu una adabu kuliko mwenyewe, nani aliufundisha... kumbe ndiyo kazi yake neno hili, msusi mvivu akipindisha mstari hafumui, anapitisha msuko mnene juu yake na mteja anaondoka akijiona malkia, ndivyo walivyomfanyia, wamepindisha, wakampitishia neno nene juu, mwenye cheo ndoa yake ni complicated, ya jirani ni ngumi, mwenye kazi ana intricacies, asiye nayo ana mikosi, jalalani nao na Kiingereza chao... na wewe je, Digrii, mbona unajiruka, mama akipiga simu kila jioni kutoka nyumbani, vipi mwanangu, wamekuita? unamjibu nini, mambo yao ni intricate, mama, vuta subira, na mama, neno halijui, analipokea kama dawa ya hospitali, haulizi imetengenezwa na nini, anawatangazia majirani, mambo ya mwanangu ni intriketi, analitamka kama cheo, na chumba cha Digrii amekataa kukipangisha, wapangaji wanakuja anawarudisha, mwanangu atarudi na gari akose pa kulala? huku mvua inamnyeshea jikoni na bati jipya lingetoka kwenye kodi ya chumba hicho hicho... mficha uchi hazai, naye kaficha, tena kamfunika mama mzazi, msuko mnene kuliko wao wote, wao angalau walimdanganya mtu wasiyemjua... “Bado sana?” mteja anauliza kioo, “Bado,” na mstari wa nne unapita chini ya wa tatu, na leo mama akipiga hatamwachia amalize salamu, atasema kwa lugha aliyonyonyeshwa, bila kupamba, mama, kazi wamempa mwingine, ameshaanza, pangisha chumba.